Nyuma ya Kabati la Vitabu

Mkuyuni, Mwanza
Alhamisi, Septemba 1958

Kwa kaka yangu mpendwa Masalu,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Habari za huko Kisumu, na kifua chako kinaendeleaje? Nilisikia kwamba kikohozi kilikurudia wakati wa baridi, nikasema moyoni huyu bado analala dirisha wazi. Acha hiyo tabia. Upepo wa ziwa ni uleule, uwe huko uwe huku. Sisi tunaamka, Mungu asifiwe. Bernadeta wangu ameota meno ya mbele na sasa anamng'ata kila anayembeba, hata padri alipombariki aliponea chupuchupu. Mama mguu wake bado unavimba, ila anakula, na ule ulimi wake unaoujua haujaugua hata kidogo.

Barua hii unaipata mkononi mwa Shaibu, yule baharia, kaka yake jirani yangu Mwaija. Sikuipeleka posta, na sababu utaiona. Nakujua wewe na barua zangu, unaruka mistari mpaka mwisho kutazama nani kafa. Hakuna aliyekufa. Lakini kabla hujafunga lile sanduku lako la vitabu na kupanda meli ya Jumamosi, tafadhali kaka, kaa chini usome neno kwa neno. Nitakusimulia habari za kabati la vitabu, tangu lilipoingia nyumbani kwetu hadi asubuhi hii. Utasema Getruda amerukwa na akili, mimi nafunga safari yeye ananisimulia makabati. Nivumilie. Habari ya hilo kabati ni habari yako wewe.

Shemeji yako Chenge na vitabu unamjua. Makarani wenzake wakipumzika wanacheza bao, yeye anasoma. Tulipohamia nyumba hii vitabu vyake vilikaa kwenye maboksi ya sabuni chini ya kitanda, na udongo wa Mkuyuni nao unajua ulivyo na mchwa. Siku moja alivuta boksi, kamusi ikabaki mkononi mwake ganda tupu, ndani ni vumbi. Nilimwona mtu mzima akikaa sakafuni machozi yakimlengalenga. Nikamcheka, kisha nikamwonea huruma. Akaenda kwa fundi Seif, akamtengenezea kabati la mvule, refu kupita kichwa changu, lenye rafu tano, na miguu yake tukaitumbukiza kwenye mikebe ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande.

Loo, kuliweka sasa! Kwanza alilitaka chumbani, ukutani karibu na kitanda. Lilipoingia mlango wa chumba haukufunguka vizuri, mimi mwenye mimba nikawa napita upandeupande. Akalihamishia sebuleni karibu na dirisha. Jua la mchana likababua majalada, na mvua ya kwanza ikaingia kwa pembeni. Akalisogeza ukuta wa pili, akasema hapo taa haifiki. Kila mara Seif na kijana wa mkokoteni wake, kila mara vitabu chini, vitabu juu. Mwaija akawa anasimama mlangoni kwake mikono kiunoni, anasema kabati lenu hili lina nyota ya kusafiri, wallahi lingekuwa mtu lingeshafika Ulaya. Tulicheka sana wakati huo. Nayakumbuka yale mahangaiko kama siku za raha.

Halafu Mama akaja, baada ya masika, mguu umevimba hawezi kulima. Mimi nilifurahi lakini nilikosa usingizi. Nyumba yetu ina chumba kimoja na sebule, jiko liko uani. Mama angelala sebuleni, sawa, lakini angeonanaje na mkwe wake kutwa kucha? Wewe ni mtoto wa Kisukuma, sina haja ya kukufundisha. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, hakanyagi mkeka wake, na yeye Mama hawezi kulitamka jina la Chenge hata akiamshwa usingizini. Mwaija na watu wa mjini wanatushangaa, lakini kwetu heshima hiyo ndiyo inayofanya nyumba ikae.

Chenge ndiye aliyepata jibu. Alisema kabati lisimame katikati ya sebule, liwe ukuta. Upande wa mbele, wenye mlango wa barabarani, ubaki wetu na wageni. Upande wa nyuma, wenye mlango wa uani, uwe wa Mama, aingie na kutoka bila kukutana na mtu. Kaka, nililia kwa shukrani. Nilimwambia hakuna mwanamke aliyeolewa vizuri kama mimi Mwanza nzima. Kwa vile kabati halikuwa na mgongo, Seif alikuja na mbao nyepesi apigilie nyuma. Chenge akamkataza. Alisema ziwa liko karibu, unyevu utaozesha vitabu, kwa hiyo nishone pazia jepesi nilitundike nyuma badala ya mbao. Nikashona. Nilikichagua mwenyewe kitambaa, chenye maua mekundu.

Basi tukaishi hivyo, na kulikuwa na kichekesho ndani yake. Chenge akitaka kumjulia hali Mama, anasema kwa sauti ya kusikika kabisa, mwambie mama nauliza mguu umelalaje. Nami nageukia kwenye vitabu nasema, Mama, unaulizwa mguu umelalaje. Mama, ambaye amesikia vizuri, anasema mwambie umelala vibaya lakini umeamka. Kila neno lilipitia kwangu. Na Mama kila akiingia kwa mlango wa uani alikohoa kidogo, ili mkwe wake ajue yupo asije akasema la kumwaibisha. Chenge naye alimtunza, sitamnyima haki yake. Akinunua sato, kipande kinene cha mgongo kilikuwa cha Mama. Hajawahi kunipandishia sauti. Hilo ulikumbuke utakaposoma yanayofuata, maana mimi ndilo linalonimaliza.

Mwezi wa Julai, baada ya ile vurugu ya Geita na watu kukamatwa, wewe ulipovuka ziwa, Chenge hakukutaja kabisa. Niliona ni busara, mtu anakula mshahara wa serikali na shemeji yake anatafutwa kwa mambo ya chama. Kisha ghafla akaanza kukuulizia. Unakaa na nani, unatumia jina gani, kifua kikoje, una vitabu gani. Alikuwa mpole sana. Akaniambia kwamba ofisini amesikia kwa masikio yake mambo yako yamekwisha, wanaotafutwa ni wengine, wewe unaweza kurudi umwone Mama mgonjwa. Akatoa vitabu vyote kwenye rafu ya katikati, akaipangusa vumbi, akaiacha wazi. Alisema hii ni ya Masalu, aje na vitabu vyake, vikae hapa na vyangu, nyumba hii ni yake. Ndipo nikakuandikia ile barua uliyoipata mwezi uliopita. Niliiandika kwa furaha, Chenge amekaa pembeni ananikumbusha la kusema. Ilikuwa ni yeye aliyenikumbusha nikutajie hiyo rafu.

Hiyo rafu nitakueleza iko wapi. Ni usawa wa sikio la mtu aliyeketi.

Jioni moja Mama alikuwa uani anachambua maharage, Bernadeta pembeni yake. Chenge aliniita, akaniomba nikakae nyuma ya kabati, kwenye kigoda cha Mama. Nikamuuliza kuna nini tena, unataka kulihamisha? Akasema anataka kujua kama mazungumzo ya wageni yanamsumbua Mama. Nikaenda nikakaa. Yeye akaketi kwenye kiti cha mgeni, kile kinachotazama mlango, akasoma gazeti kwa sauti ya kawaida. Halafu akashusha sauti, akasoma kama mtu anayesema siri. Akaniuliza nimesikia nini. Nilijigamba, kaka! Nikamrudishia habari zote, bei ya pamba, mwizi wa baiskeli, kila kitu, nikasema hata ukipumua nakusikia. Alicheka, akasema vizuri. Kesho yake aliniletea doti ya kanga. Ninayo hapa nimejifunga, na tangu juzi inaniwasha mwilini.

Sasa nakuja kwenye Jumapili ya kwanza ya mwezi huu. Kila Jumapili mimi na Mama tunakwenda Misa pamoja, tunatokea mlango wa uani. Siku hiyo tulishatoka, tukafika pale kwenye mawe makubwa, mguu ukamkataa. Akaniambia nenda wewe, mimi narudi nikalale. Akarudi kwa mlango wa uani, akajipaka dawa mguuni, akajilaza kwenye mkeka, usingizi ukampitia. Chenge alikuwa ametoka kidogo dukani, hakujua. Alipoamka Mama alisikia sauti za wanaume upande wa mbele. Alitaka kukohoa kama desturi yake. Lakini mazungumzo yalishafika mbali, na kukohoa saa hiyo kungemwonyesha mkwe wake kwamba amesikilizwa. Ingekuwa aibu kubwa. Nguo nazo zilikuwa zimepanda juu ya magoti kwa sababu ya dawa. Kwa heshima tu, kaka, kwa heshima ya mkwe wake, Mama alibana pumzi akanyamaza.

Mgeni alikuwa mtu mmoja ambaye Mama hakumwona, aliona viatu vyake tu kwa chini ya kabati, vyeusi, vinang'aa, visivyo na vumbi la Mkuyuni. Aliongea Kiswahili cha polepole. Alimwambia Chenge kwamba Masalu akikamatwa bandarini atafunga mdomo, wanamjua, mwalimu mkaidi. Kinachotakiwa ni aseme mwenyewe kwa raha zake, amekaa, amekula, na shemeji yake anamuuliza habari za wenzake. Nani walilala naye porini, Nkwabi yuko wapi, Ngosha yuko wapi, nani anawapelekea chakula. Askari kanzu wawili watakuwa wamekaa nyuma ya vitabu, wameingia kwa mlango wa uani, wanasikia. Akishataja wote, ndipo watoke. Chenge aliuliza swali moja tu. Aliuliza, na mke wangu? Yule mtu akasema mke wako atakuwa jikoni anapika, si ndiyo kazi yake.

Mama aliniambia haya siku ile ile, tumekaa uani, mikono yake ndani ya maharage. Alisema, huyo baba wa Bernadeta ameahidi kumkabidhi kaka yako kwa serikali. Mimi nilifanya nini? Nilimpandishia. Nilimwambia Mama umelala umeota, dawa ya mguu imekulevya. Nikamwambia maneno mengine ambayo sitayaandika hapa, kwamba tangu aje hataki kuona ndoa yangu ina amani. Mama aliendelea kuchambua, akasema tu kwamba amefanya wajibu wake, masikio ni yake na mume ni wangu. Nilinuna siku mbili. Nilimpa chakula bila kumsalimu. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe.

Jumatano ya wiki ile Chenge akarudi kazini na stuli mbili mpya. Akanipa niziweke upande wa Mama. Akasema ni za wageni wake. Kaka, Mama ana mgeni gani? Tangu aje, aliyemtembelea ni Mwaija peke yake, na Mwaija hukaa mkekani. Mama alizitazama zile stuli, hakuzigusa. Mpaka leo ziko pale zimesimama pamoja kama watu, na Mama analala akiwa amezipa mgongo.

Hata hapo, nakwambia ukweli, moyo wangu ulikuwa bado unamtafutia sababu. Ndivyo tulivyo tuliopenda. Lakini Ijumaa alinijia na jambo jingine. Alisema Mama apelekwe Kisesa kwa mama mdogo Paskazia, akapate hewa ya shamba. Nikauliza lini. Akasema Ijumaa ijayo, asubuhi. Ijumaa ijayo, yaani kesho! Wewe unatakiwa ufike Jumapili. Nilikuandikia nini mimi? Nilikuandikia njoo umwone Mama mgonjwa. Sasa mgonjwa anayekuja kuonwa anaondolewa nyumbani kabla mwenye kumwona hajafika, kwa nini? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa upole, nikikunja nguo. Alisema utakwenda kumwona Kisesa baadaye, ukishapumzika. Alisema huku anakunja gazeti, akilikunja tena na tena mpaka likawa dogo mkononi. Hakunitazama. Saa hiyo nilijua Mama hakuota.

Nilikwenda uani nikapiga magoti mbele ya Mama. Hakuniacha niseme mengi. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema sasa acha kulia, chakula kitaungua. Kisha akafikiri, akaniambia, mwambie baba Bernadeta kwamba mimi Kisesa siendi, mguu hauwezi safari. Nikaupeleka ujumbe. Kwa mara ya kwanza Chenge hakusema mwambie hivi wala mwambie vile. Alinyamaza tu, na upande wa pili Mama naye kimya, na mimi katikati nimesimama sina neno la kupeleka.

Hapo ndipo ujue akili ya mama yetu. Hakusoma hata darasa moja, lakini alishaona kwamba pale nyuma ya kabati, akiwepo yeye, Chenge hawezi kukanyaga. Hawezi kumtoa kwa mkono, hawezi kumfokea, hawezi hata kuchungulia. Na hao askari kanzu hawawezi kuketi na bibi mkekani. Basi Mama akageuka mtu wa kukaa. Hatoki. Hata uani anatoka kwa kuiba, anarudi mbio na mguu wake ule. Nilidhani tumeshinda. Nilianza hata kuimba nikisonga ugali.

Jana jioni Chenge aliniambia kwa sauti yake ileile ya upole kwamba kabati halikai vizuri pale lilipo. Alisema amefikiri sana, mahali pake hasa ni kwenye kona ya mlango wa chumba, liwe mshazari, pabaki nafasi nyuma yake. Fundi Seif atakuja leo mchana kulihamisha. Nikasema, na Mama? Akasema, Mama atakuwa hana cha kumsitiri, itabidi ajisikie mwenyewe kwamba ni vizuri aende Kisesa. Unaona, kaka? Hakumfukuza. Ameondoa ukuta tu, ili heshima yenyewe imfukuze. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha mgeni, miguu ameinyoosha, anaitazama ile rafu iliyo wazi. Niliogopa. Nimelala na mtu huyu miaka yote, lakini jana nilimwogopa.

Nilimwambia Mama ajiandae, kwamba wakilinyanyua kabati ataonekana, hana pa kujificha. Nilimshauri akakae kwa Mwaija mpaka mambo yapite. Mama alikuwa anasuka ukili. Alisema hatajificha. Alisema, watakapoliondoa hilo libao, atanikuta nimekaa hapa hapa, uso wazi, nikimtazama machoni. Na nitamwita jina lake.

Kaka! Wewe unajua maana yake. Mama yetu, ambaye hata akisimulia habari za mti wa kuni uitwao kwa jina linalofanana na la mkwe wake hutafuta neno jingine. Nilimwambia Mama, ukifanya hivyo hakuna ukwe tena, hakuna wa kuurudisha, na mimi ndoa yangu je? Akaacha kusuka. Akaniuliza, hiyo ndoa unaiona iko wapi?

Basi sikiliza ninayokuomba, mimi dada yako niliyekuita kwa mkono wangu mwenyewe. Usije. Usipande meli hiyo, wala ya baadaye. Ukipata barua nyingine kwa posta, hata kama ni mwandiko wangu, hata kama inasema Mama amezidiwa, usije. Kama Mama amezidiwa kweli, habari utaipata kwa mdomo wa Shaibu, na hakuna mwingine. Toka pale unapokaa leo hii, maana jina unalotumia nilimtajia mimi, alipoliuliza nikiwa nakaanga samaki, nikalisema huku nacheka. Ukiweza mpelekee habari Nkwabi na Ngosha wahame walipo. Chenge hapajui, lakini wewe ndiye aliyetegemewa kupasema, na watu wakikosa mlango mmoja hutafuta mwingine.

Usimchukie sana. Najua ninachoomba si haki. Juzi nilimkuta amesimama peke yake mbele ya vitabu vyake, anapitisha kidole kwenye migongo yao bila kusoma, na nikadhani analia. Pengine walimtisha, pengine wamemwahidi kiti kikubwa. Sijui, na sitamuuliza, maana nikimuuliza atajua ninajua, na barua hii haitafika. Ninampenda bado, kaka. Lakini kati yake na wewe, nimechagua, na nimechagua saa hii katika meza ya Mwaija, Bernadeta amelala mgongoni mwangu.

Mwaija anakusalimu sana. Anasema ile rafu yenu mwachieni panya. Shaibu yuko mlangoni amevaa kofia, meli itaondoka alasiri. Bernadeta angekusalimu angekuwa macho, ungepata lile busu lake la meno. Mama anakusalimu, anasema uvae sweta, na kwamba amekwisha kukuona vya kutosha moyoni, usihangaike kumwona kwa macho. Usijibu barua hii. Shaibu akirudi akinipungia mkono tu nitajua umeisoma.

Mwaija amechungulia sasa hivi dirishani, ameniambia mkokoteni wa fundi Seif umesimama mlangoni kwetu, na Chenge amerudi mapema, anamsaidia kutoa vitabu. Nimeacha mlango wa uani wazi. Naweka kalamu chini, nakwenda kukaa kwenye mkeka karibu na Mama, ili litakaponyanyuliwa atukute wote wawili.

Ni mimi dada yako mdogo,
Getruda